Joto Linakimbilia Wapi?

Paukwa! Pakawa! Haya wajukuu zangu, sogeeni, leo nawasimulia habari za joto.

Julai ya hapa Njombe mnaijua. Asubuhi ukungu umetanda, maji ya bomba yanauma vidole, na kila nyumba inataka maji ya moto ya kuogea watoto kabla hawajaenda shule. Wengine wanawasha kuni za miwati, wengine mkaa, wengine wanachomeka hita. Lakini joto lina tabia za mbuzi: likiona upenyo tu, limeshatoka. Basi tuutafute upenyo mmoja mmoja tuuzibe.

Upenyo wa kwanza ni mdomo wa sufuria. Mnauona ule mvuke unaopanda? Umebeba joto jingi kuliko mnavyodhani. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka yote yawe mvuke kunahitaji joto karibu mara saba ya lile lililoyatoa kwenye ubaridi wa kawaida, nyuzi 20, hadi nyuzi 100. Sasa funika sufuria, subiri kidogo, kisha mwombe mama afunue. Chini ya mfuniko kumejaa matone. Huo ni mvuke uliokuwa unatoroka, ukagusa bati, ukaacha joto lake hapo na kurudi kuwa maji.

Upenyo wa pili uko chini. Kwenye mafiga matatu upepo huusukuma moto pembeni, na sehemu kubwa ya joto huishia hewani. Ndiyo maana jiko banifu lina ukuta wa udongo unaouzunguka moto na kuuelekeza kwenye sufuria. Na kuni ziwe kavu. Kuni mbichi zina maji ndani yake, na moto hauna budi kuyakausha hayo kwanza ndipo uhangaike na ya kwako.

Upenyo wa tatu nao ni mkubwa: kuchemsha kupita mahitaji. Tupige hesabu. Ndoo ya lita 20 ina maji ya nyuzi 15. Kuyafikisha nyuzi 40, yanayotosha kuoga vizuri, kunahitaji takriban uniti 0.6 za umeme. Ukiichemsha ndoo nzima, unatumia karibu uniti 1.8, yaani mara tatu! Kumbe kwa mtu mmoja inatosha kuchemsha theluthi ya ndoo, kama lita 6 na nusu. Tangulizeni maji baridi kwenye ndoo, kisha mtu mzima amimine ya moto juu yake.

Na maji yakishachemka, kuongeza moto hakuyafanyi yawe ya moto zaidi. Kunaongeza mvuke tu. Hapa kwetu, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, wala hayapiti hapo. Maji ya kunywa yaacheni yatokote dakika tatu, vijidudu vife, kisha epueni. Nusu saa ya kutokota ni kuni zilizopotea bure.

Yaliyobaki yatieni kwenye chupa ya chai. Chanzo cha chupa hiyo ni hiki: mwaka 1892 mwanasayansi wa Uskoti, James Dewar, alitengeneza chombo chenye kuta mbili na kuondoa hewa katikati yake. Alitaka kutunza gesi baridi mno zilizogeuzwa kimiminika zisipate joto. Pasipo hewa, joto hukosa njia rahisi ya kupita, liwe linaingia au linatoka. Ndiyo maana uji wa alfajiri mnaukuta bado wa moto saa nne.

Wenye hita, nisikilizeni vizuri: usitie mkono kwenye ndoo kabla mtu mzima hajazima swichi na kuchomoa waya. Umeme hauna msamaha.

Jumamosi fanyeni jaribio pamoja na mtu mzima. Pimeni lita moja ya maji kwenye sufuria bila mfuniko, muangalie saa mpaka yachemke. Sufuria ikipoa, rudieni kwa maji ya kiasi hichohicho na moto uleule, safari hii mkiwa mmefunika. Andikeni dakika za kila safari kwenye daftari, mkamwonyeshe anayenunua mkaa au umeme nyumbani kwenu. Mtoto akileta hesabu iliyopimwa, hata wakubwa humsikiliza.