UE imeisha, mwaka bado: Kinachoendelea Mlimani wanafunzi wakishafunga mabegi

Karatasi ya mwisho imekusanywa. Nje ya chumba cha mtihani watu wanapiga selfi, mwingine yuko kwenye simu anawaambia wa nyumbani kuwa amemaliza. Hosteli nazo zimejaa mabegi ya shangazi kaja, ndoo na magodoro yaliyofungwa kamba. Ni Julai, Dar es Salaam ina kaubaridi kake, na mwaka wa masomo umefika mwisho.

Au ndivyo inavyoonekana. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), maarufu kama Mlimani, na katika vyuo vingine vingi nchini, mtihani wa mwisho wa chuo, yaani UE, hufunga vipindi tu. Mwaka wenyewe hufungwa na matokeo, na kwa mwanafunzi anayesoma kwa mkopo, matokeo hayo ndiyo yanaamua kama mwakani atakula.

Alama zinapita wapi?

Mwanafunzi haingii UE akiwa mikono mitupu. Kwa utaratibu uliozoeleka Mlimani, majaribio na kazi za muhula hubeba alama 40, na UE hubeba 60. Ndiyo maana utawasikia wakipiga hesabu mapema: "nina 22, nahitaji ngapi nifike?"

Mitihani ikiisha, wahadhiri ndio wanaanza yao. Wanasahihisha mamia ya vitabu vya majibu, halafu alama zinapita idarani, zinakaguliwa na watahini wa kutoka nje ya chuo, zinajadiliwa kwenye vikao vya ndaki, na mwisho zinafika Seneti ya chuo. Seneti ndiyo yenye kauli ya mwisho. Kwa hiyo ile alama unayoiona mapema kwenye akaunti yako ya mtandaoni ni ya awali. Inaweza kubadilika, ingawa wengi hawakumbuki hilo wakati wanapiga "screenshot" ya kutuma kwenye grupu la WhatsApp.

Sapu na kudisko

Aliyefeli somo moja au machache, huku wastani wake haujashuka chini ya kiwango cha chuo, anapewa mtihani wa marudio. Wanafunzi wanauita sapu. Una uchungu wake: katika vyuo vingi, hata ukiufanya vizuri namna gani, alama utakayoandikiwa haizidi C.

Wastani ukishuka kupita kiasi, mwanafunzi anaondolewa masomoni. Hiyo ndiyo kudisko, na haina muziki wowote. Ni neno ambalo kila mwaka wa kwanza analijua kabla hajajua maktaba iko wapi.

Hapo ndipo pesa inaingia

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humpa mnufaika fedha za chakula na malazi, yaani bumu. Kiwango kilikuwa Sh8,500 kwa siku, baadaye kikapanda hadi Sh10,000. Fedha hizo huja kwa awamu na ni za siku za masomo. Likizo ndefu haina bumu.

Ili mkopo uendelee, sharti mwanafunzi awe amefaulu kuingia mwaka unaofuata, na chuo ndicho kinachopeleka taarifa hiyo Bodi. Mwenye matokeo safi, jina lake linakwenda mapema. Mwenye sapu anasubiri mpaka iishe na alama zipitishwe. Wenzake wanaweza kuwa wameshaanza kulipa kodi ya geto Changanyikeni au Msewe, yeye bado anakopa nauli.

Kuna hesabu nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Likizo hiyo hiyo ndiyo muda wa mafunzo kwa vitendo, au fildi. Mkopo wa fildi unaweza kufika Sh10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56, yaani Sh560,000 ukipangiwa asilimia mia. Sasa chukua mwanafunzi aliyepata nafasi ya fildi Mwanza, kwa kuwa ana shangazi huko wa kumpa malazi. Matokeo yanatoka, ana sapu moja. Lazima aombe ruhusa ofisini, asafiri zaidi ya kilomita 1,000 kurudi Dar, atafute mahali pa kulala siku kadhaa, afanye mtihani wa saa chache, kisha arudi Mwanza kumalizia wiki zake. Nauli ya kwenda na kurudi haimo kwenye fungu lolote. Inatoka kwenye fedha ya fildi, au inatoka kwa shangazi.

Ukimsikia mwanafunzi anasema bora asome usiku kucha kuliko kupata sapu, usidhani anaogopa aibu tu.

Mtaa nao unafunga

Chuo si wanafunzi na wahadhiri peke yao. Hosteli za Magufuli, zilizozinduliwa mwaka 2017, pekee zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Watu hao wakiondoka kwa pamoja, mama lishe anapunguza sufuria, bodaboda wanahamia vituo vingine, na steshenari ambazo wiki mbili nyuma zilikuwa na foleni ya watu wanaotoa kopi za mitihani ya zamani zinabaki na feni inayozunguka. Wenye biashara hizi hawana ratiba ya Seneti, ila wanaijua kalenda ya chuo kuliko wanafunzi wengine.

Kwa wanaoondoka moja kwa moja

Kwa mwaka wa mwisho, presha ni ya desimali. Kwenye mfumo wa GPA ya 5, daraja la kwanza huanzia 4.4. Mwenye 4.3 ni daraja la pili la juu, basi, hakuna kubembelezana. Mahafali huja miezi kadhaa baadaye, na picha karibu zote hupigwa Ukumbi wa Nkrumah, jengo lile lililokuwa nyuma ya noti ya Sh500 pamoja na wahitimu waliovaa majoho. Noti yenyewe imeshaipisha sarafu iliyoanza kutumika mwaka 2014, kwa hiyo wahitimu wa leo wengi wanaijua sarafu tu.

Baada ya picha kuna deni. Sheria inampa mnufaika miezi 24 tangu amalize masomo kabla ya kuanza kurejesha, na akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ilifanya deni likue hata kwa anayelipa, ilifutwa mwaka 2021. Wengi wa wanaohitimu sasa hawajawahi kukatwa tozo hiyo, lakini kaka na dada zao watakusimulia.

Wakati hayo yanaendelea, matokeo ya kidato cha sita yanatoka na dirisha la maombi ya vyuo linafunguliwa. Vyumba vilivyoachwa Julai vina wenyewe wapya kabla mwaka haujaisha. Watafika na mabegi yao, wataulizia Yombo iko wapi na kuambiwa ni kumbi za mihadhara, si ile ya Temeke. Na kwenye foleni hiyo hiyo ya usajili kutakuwa na wa mwaka wa pili, simu mkononi, anafungua tena akaunti yake kuona kama alama ya sapu imeingia.