Tangi la Zamani, Madigadi Mpya

Ukitoka kileleni Nakasero, jijini Kampala, penye ikulu ndogo na balozi, ukateremka upande wa magharibi hadi barabara ya Kyaggwe, unaingia Kisekka. Kilima ni kile kile, lakini huku hakuna ua mrefu wala askari wa getini. Kuna injini zilizofumuliwa, taa, vioo, milango ya magari iliyotundikwa ukutani, na watu wanaokijua kipande unachokitaka kabla hujamaliza kukitaja. Soko lina jina la Dkt. Samson Kisekka, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda tangu 1986 na baadaye Makamu wa Rais. Vibanda vya zamani vimekuwa vikipisha majengo ya ghorofa, ila kazi haijahama. Anayetafuta madigadi, keria au bampa la kukinga miguu bado huambiwa aende Kisekka.

Kipande utakipata. Kazi ni kukifanya kifanane na pikipiki yako.

Bodaboda ilianzia kwenye baiskeli za mpakani Busia miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1990 pikipiki zilikuwa zimeshika Kampala. Nyingi tunazoziona leo ni Bajaj Boxer kutoka India, zinazotoka kiwandani zikifanana kama pacha. Ndiyo maana mwenye nayo, akishamaliza deni la kuinunulia, humtafuta fundi rangi. Tangi hupakwa nyekundu ya kung'aa yenye miali ya moto ubavuni, au rangi za timu anayoipenda, au jina la mama yake kwa herufi za mviringo. Baadaye anaongeza madigadi ndefu ya kuzuia tope, au mkinga upepo, au sanduku la nyuma. Kipande kinakuja cheusi, au chekundu kisicho chake, na pikipiki nzima inaonekana kama ya kuazima.

Wapo wanaosema hayo ni mapambo tu. Mimi sikubaliani nao. Abiria anayesimama kando ya barabara hana muda wa kukagua breki. Anaisoma pikipiki kwa macho, na iliyotunzwa hujulikana kwa mbali. Kampuni ya bodaboda ya SafeBoda ililielewa hilo ilipoanza Kampala mwaka 2014: helmeti na fulana za rangi ya chungwa ziliwatambulisha madereva wake kabla hawajafungua mdomo. Kwa dereva wa kujitegemea, rangi ya pikipiki ndiyo hiyo fulana yake.

Kosa la kwanza, na ndilo la wengi, ni kwenda dukani na kununua kopo la rangi ile ile iliyotumika mara ya kwanza. Kopo ni lile lile, lakini tangi si lile tena. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na jua lake halina huruma kwa rangi, hasa nyekundu. Mwulize fundi mzuri rangi halisi ilikuwaje, naye atainua kiti na kukuonyesha sehemu ya tangi ambayo jua halijawahi kuifikia. Pale chini ni nyekundu iliyokolea; ubavuni imekwisha kupauka kuelekea machungwa. Kipande kipya kikipakwa nyekundu ya chini ya kiti, kitagombana na tangi kila siku ya jua. Kinachotafutwa ni rangi ya leo, na hiyo haiuzwi kwenye kopo. Huchanganywa.

Rangi ya kawaida isiyo na chembe za kumeta huchanganywa kwa jicho na subira. Metaliki ni habari nyingine. Ndani yake mna vipande vidogo vya aluminiamu, na namna vinavyolala ndiyo inayoamua mwanga utarudi vipi. Fundi akipuliza kwa mbali, rangi ikafika ikiwa nusu kavu, inatoka nyeupe zaidi. Akisogea, ikafika ikiwa majimaji, inatoka nzito. Kopo moja, mkono mmoja, sura mbili. Ongeza kwamba tangi ni bati na madigadi ni plastiki, na ndipo utaona kwa nini hata magari mapya wakati mwingine huwa na bampa lililotofautiana kidogo na boneti.

Ngumu kuliko zote ni rangi za kendi, zilizopata umaarufu kwa mafundi wa California miaka ya 1950, akiwamo Joe Bailon. Chini hupakwa fedha au dhahabu, halafu juu yake hupulizwa rangi inayopenyesha mwanga, tabaka baada ya tabaka. Ni kama chai kwenye glasi: kadiri inavyokuwa nene ndivyo inavyokuwa nyeusi. Asiyejua tangi lilipata tabaka ngapi hawezi kulifikia kwa kubahatisha.

Kwa hiyo fundi anayejiheshimu hagusi kipande kwanza. Anachukua kibati chakavu, anakipaka praima ile ile na rangi ya chini ile ile, kisha anakigawa kwa tepu. Sehemu ya kwanza anaipuliza mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, ya nne mara nne, na kwenye kila moja nusu anaimwagia klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, kwa sababu rangi isiyo na klia hudanganya jicho kwa ufifi wake. Kikikauka anakiegemeza ubavuni mwa tangi. Hakitazami chini ya taa ya dukani, anakitoa nje. Rangi mbili zinaweza kuafikiana chini ya taa nyeupe za ndani na kukosana kabisa juani, hivyo anakiangalia juani, kisha kivulini, kisha anachuchumaa na kukitazama kwa upande. Sehemu iliyopotea, ile ambayo huoni inaishia wapi na tangi linaanzia wapi, ndiyo jibu lake. Ukimkuta fundi anafanya hivyo, mpe kazi na usimharakishe.

Baada ya rangi huja mchoro, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi iliyokwisha kuwa nzuri. Mwali wa moto uliochorwa tangini hauwezi kunakiliwa tu kwenye sanduku la pembeni kwa kipimo kile kile. Vipande vifungwe kwanza kwenye pikipiki, na mistari iwekwe kwa tepu nyembamba vikiwa mahali pake, ili mkunjo unaokatika ukingoni mwa tangi uendelee ng'ambo ya pengo kana kwamba pengo halipo. Upande wa pili hutumia karatasi: mchoro hufuatishwa, hutobolewa matundu madogo kwenye mistari, karatasi hugeuzwa, na unga wa chaki hupigwa juu yake. Halafu ndipo vipande hufunguliwa na kupulizwa. Tepu huvuliwa rangi ikiwa bado mbichi kidogo, isiache tuta.

Pikipiki maarufu kuliko zote kwa ulinganifu huu huenda ni ile ya filamu ya *Easy Rider* ya mwaka 1969, yenye bendera ya Marekani tangini na helmeti iliyochorwa kuifuata. Waliohusika kuibuni na kuiunda, Clifford Vaughs na Ben Hardy, walikuwa Wamarekani weusi, na kwa miaka mingi majina yao hayakutajwa. Mafundi wetu wa chini ya Nakasero pia hawaweki sahihi kwenye kazi zao. Natamani wangeanza, hata kwa herufi mbili ndogo chini ya kiti.

Usibanie klia. Ile ya kopo la kubonyeza huyeyuka petroli ikimwagika, na petroli humwagika kila dereva anapojaza tangi kwa haraka. Inayochanganywa na hadena ya kuigumisha huvumilia. Lakini hadena hiyo ina kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazoweza kumwachia fundi pumu ya maisha, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Anachohitaji ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, na mteja anayelipia klia nzuri aulize kama fundi anayo. Majira ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, mkubalie akikuambia usubiri: unyevu hewani huweza kuacha ukungu mweupe ndani ya rangi, nao hautoki kwa kung'arisha.

Kama kazi imebadilisha rangi kuu ya pikipiki, kumbuka rangi imeandikwa kwenye logibuku. Irekebishwe kabla trafiki hajakuuliza. Na kabla hujalipa sehemu ya mwisho, omba rangi iliyobaki kwenye chupa iliyofungwa vizuri, na umwambie fundi aandike kifunikoni alichanganya nini na nini, tabaka ngapi, na tarehe. Kibati cha majaribio kichukue pia. Utakihitaji bampa likija.