Kutafuta Kosa katika Faili Zilizopokezanwa: Mtazamo wa Uhakiki wa Matini

1.0 Utangulizi
Makala haya yanaeleza jinsi ya kubaini mahali faili ilipoharibikia, iwapo ilipitia kompyuta kadhaa kabla ya kumfikia mpokeaji. Suala hili si la mafundi peke yao. Mtafiti aliyepokea utenzi uliobadilika njiani aweza kulihakiki kosa la mashine akidhani ni lahaja ya mwambao.

2.0 Kituo kwa Kituo
Upokezanaji si jambo geni katika pwani yetu. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliotandazwa chini ya bahari uliiunganisha Zanzibar na Aden. Mwaka 1890 mwingine ulitoka Zanzibar ukafika Bagamoyo na Dar es Salaam. Katika vituo vya njiani, aghalabu karani aliisoma habari na kuituma upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa ESANET, uliovihusisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Zambia na Zimbabwe, ulifuata mantiki hiyohiyo kwa teknolojia ya Fido: kompyuta iliihifadhi faili, ikangoja saa ya kupiga simu, kisha ikaipeleka kwa modemu hadi kituo kilichofuata.

3.0 Aina za Makosa
Kosa la kwanza ni kukatika, nalo hudhihirika kwa upungufu wa baiti. La pili, kubadilika, ni la hatari zaidi kwa kuwa faili huonekana imefika. Baadhi ya mitambo ya barua ilipitisha biti 7 tu za kila baiti. Herufi za Kiswahili, pamoja na ritifaa ya ng', zimo katika alama 128 za ASCII. Kwa hiyo matini sahili ilivuka salama. Hati za Kiarabu, zilizobeba tenzi zetu kongwe, hazimo. Faili zilizobanwa nazo hutumia biti zote 8, hivyo ziliharibika. Dawa ilikuwa programu kama uuencode, iliyogeuza kila baiti 3 kuwa alama 4 za kawaida: faili ilinenepa, lakini ikafika nzima.

4.0 Njia ya Uchunguzi
Kutuma tena kwa njia ileile kwaweza kuzaa kosa lilelile. Yafaa kulinganisha ukubwa wa faili na namba ya uhakiki, yaani jumla inayokokotolewa kutokana na baiti zake zote. Uchunguzi uanzie kituo cha katikati: nakala yake ikiwa nzima, kosa liko mbele; ikiwa mbovu, liko nyuma. Hatua hiyo irudiwe hadi vibaki vituo viwili jirani. Mhakiki wa miswada hufanya vivyo hivyo anapotafuta ni mnakili yupi aliyeruka ubeti.

5.0 Hitimisho
Ulinganishi huo hauwezekani pasipo nakala. Hivyo basi, mtumaji asiifute faili asilia kabla mpokeaji hajathibitisha namba yake ya uhakiki; bila hiyo, kosa huwa ndiyo matini pekee iliyosalia.