Bure hadi dirishani

Kati ya Sensa ya 2012 na ile ya 2022, sehemu ya wazee katika idadi ya Watanzania ilisogea kwa unyoya tu: kutoka asilimia 5.6 hadi 5.7. Anayeishia kwenye asilimia atadhani hakuna kilichotokea. Lakini katika miaka hiyo 10 taifa lilitoka watu milioni 44.9 hadi milioni 61.7, kwa hiyo wenye umri wa miaka 60 na kuendelea walipanda kutoka takriban milioni 2.5 hadi karibu milioni 3.5. Hilo ni ongezeko la kama watu milioni moja, yaani wastani wa zaidi ya 270 kila siku, tena baada ya kuwatoa waliofariki. Asilimia imetulia kwa sababu watoto nao wanazaliwa kwa wingi. Foleni ya kliniki ya presha haipangwi kwa asilimia. Inapangwa kwa vichwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na ikasema wasiojiweza watibiwe bila malipo. Utaratibu wake unajulikana hadi vijijini. Serikali ya kijiji au mtaa inawaorodhesha, maofisa ustawi wa jamii wanathibitisha, picha inapigwa, kitambulisho kinatoka. Hospitalini kuna dirisha la wazee. Huo ni msaada wa kweli. Unamwondolea mzee ada ya kumwona daktari na unampunguzia kusimama.

Sasa tumfuate bibi mmoja hadi mwisho wa safari. Ni bibi wa mfano, mwenye umri wa miaka 68, presha na kisukari. Nesi anamwamkia shikamoo, anampima, anaandika kwenye daftari lake la kliniki 150 kwa 90. Daktari anamwandikia dawa zilezile za mwezi uliopita. Dirisha la dawa wanampa bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa 1×1, na kuhusu zile nyingine mbili anaambiwa maneno ambayo kila mwenye mzee nyumbani anayajua: hizi hazipo, kanunue nje. Msamaha wake umeishia pale. Kila alichopewa bure kilichukua asubuhi moja, na ugonjwa wenyewe utamkuta nyumbani siku 29 zinazofuata.

Hapo ndipo hesabu za wengi zinapokosea. Tumezoea kuogopa gharama kubwa za siku moja: upasuaji, kulazwa, gari la wagonjwa. Matibabu ya uzeeni mara nyingi ni gharama ndogo isiyokatika. Chukua dawa za kawaida kabisa: amlodipini kidonge kimoja kwa siku, losartani kimoja, metformini viwili. Ni vidonge 4 kwa siku, 120 kwa mwezi, 1,460 kwa mwaka. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kidonge kimoja dukani ni shilingi 200. Inakuwa shilingi 800 kwa siku, bei ambayo haimtishi mtu. Kwa mwezi ni 24,000. Kwa mwaka ni 292,000. Msomaji ambaye duka la mtaani kwao linauza kwa bei nyingine abadilishe hiyo 200 na kurudia hesabu. Mkondo wake hautabadilika.

Weka takwimu hiyo kando ya bima. Chini ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, ulioanza 2018, kaya ya watu wasiozidi sita katika mikoa mingi ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, ambayo ni 5,000 kwa kichwa. Ili dawa za bibi yetu zilipiwe kwa bei ya dukani, zinahitajika ada za watu 59, na kati yao asiwepo hata mmoja atakayeugua malaria, atakayejifungua au atakayevunjika mkono mwaka mzima. Hakuna mfuko unaoweza kuendeshwa hivyo. Ndiyo maana sikubaliani sana na wanaosema CHF iliyumba kwa sababu wananchi hawana mwamko. Mwamko haugeuzi 5,000 kuwa 292,000. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023 swali hili lilibaki palepale: nani atachangia kwa niaba ya mtu ambaye gharama yake haina msimu?

Kuna upande wa pili, na ni wa matumaini. Kidonge kilekile kikinunuliwa kwa jumla, kwa jina la dawa na si la kampuni, bei hushuka sana. Kazi ya Bohari ya Dawa, MSD, ni hiyo. Tuseme kinafika kituoni kwa shilingi 50. Mwaka mzima wa bibi unakuwa 73,000, na ada zinazohitajika zinashuka kutoka watu 59 hadi 15. Ugonjwa haujabadilika, daktari ni yuleyule, vidonge ni vilevile. Kilichobadilika ni mahali pa kununulia. Kila mara mzee anapoambiwa akanunue nje, taifa linanunua kwa rejareja kitu ambacho lingeweza kukinunua kwa jumla, na anayelipa tofauti hiyo ni mtoto wake anayetuma pesa kwa simu kutoka mjini.

Wapo waliojikinga. Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, aliyestaafu kwenye ajira rasmi huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake bila kuendelea kuchangia. Lakini wengi wa hao karibu milioni 3.5 walikuwa wakulima, wavuvi, wafugaji na mama lishe. Hawakuwahi kukatwa mshahara kwa sababu hawakuwa na mshahara.

Zanzibar ilijaribu njia nyingine: kumpa mzee pesa mkononi. Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, awe alifanya kazi serikalini au alivua pweza. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kwa bei yetu ya mfano, 20,000 haikutosha hata vidonge vya mwezi. 50,000 inatosha, na inabaki 26,000 ya nauli na samaki. Hesabu ya gharama kwa Serikali nayo inapigika kirahisi: kila wazee 10,000 ni shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Kenya nayo, kupitia Inua Jamii, huwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Humohumo nchini, mfuko mpya wa afya ulioanza Oktoba 2024 umeweka kima cha chini cha mchango kuwa shilingi 300 kwa mwezi. Mzee asiye na kingine ila hiyo 2,000, akilazimika kuchangia mwenyewe, anarudisha asilimia 15 kabla hajanunua unga.

Nimekawia kwenye vidonge, lakini mzigo mwingine uko barabarani. Tuseme bibi yetu anakaa mbali na hospitali ya wilaya. Bodaboda hadi barabara kuu na basi hadi mjini vinamgharimu 5,000 kwenda na 5,000 kurudi. Haendi peke yake, maana macho hayaoni vizuri na ngazi za gari ni ndefu. Anasindikizwa na mjukuu. Safari moja ni 20,000. Akitakiwa kufika kila mwezi ni 240,000 kwa mwaka, na mjukuu amepoteza siku 12 za kazi au za shule. Hivyo nauli inakaribia bei ya dawa za dukani, na inaipita mara tatu bei ya dawa za jumla. Msamaha wa matibabu hautaji nauli popote.

Je, ni lazima aende kila mwezi? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 kuhusu shinikizo la damu unapendekeza mgonjwa ambaye presha yake imedhibitiwa aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Wala utaratibu huo si mgeni Tanzania: watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao hali zao ni tulivu hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Presha yake ikishadhibitiwa, bibi akienda mara 4 badala ya 12, nauli inashuka hadi 80,000. Anaokoa 160,000 bila mtu yeyote kupunguza bei ya kidonge hata kimoja. Vipimo vya katikati anaweza kufanyiwa zahanati ya kijijini, mradi kuna mashine ya presha inayofanya kazi.

Ipo gharama nyingine ambayo haionekani kwenye risiti yoyote. Mzee mwenye presha aghalabu ana magoti pia. Magoti yakiuma anatuma mtoto duka la dawa, analetewa diklofenaki, anameza wiki nzima, maumivu yanapungua. Dawa za kundi hilo hupandisha presha na huumiza figo, hasa zikichanganywa na vidonge kama losartani. Mwezi unaofuata presha imepanda, daktari ambaye hajaambiwa kuhusu magoti anaongeza kidonge cha tano. Sasa familia inanunua dawa ya kuzima moto uliowashwa na dawa nyingine. Dakika tano za kumwomba mzee amwage kila alicho nacho kwenye mfuko wa plastiki, mezani mbele ya mfamasia, zinaweza kuwa tiba ya bei nafuu kuliko zote zilizotajwa humu. Kwenye kliniki yenye foleni, dakika tano hizo ndizo ngumu kupatikana.

Na figo zikichoka, hesabu inaingia daraja lingine. Presha na kisukari ndivyo vinavyoongoza duniani kwa kuharibu figo. Kusafisha damu kwa mashine hufanywa kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara: vikao 156 kwa mwaka. Weka shilingi 200,000 kwa kikao, inakuwa milioni 31.2. Kwa kiasi hicho wazee 106 wangepata vidonge vyao vyote kwa mwaka kwa bei ghali ya dukani; kwa bei ya jumla ya 50, wazee 427.

Twende basi kwa mganga mfawidhi wa kituo, maana ndiye anayebanwa na haya yote. Tuseme ana wazee 200 wenye dawa na nauli kama za bibi, na presha zao zimedhibitiwa. Kwa mwezi anahitaji vidonge 24,000, ambavyo kwa bei ya jumla ni shilingi milioni 1.2. Akitaka kuwapa dawa za miezi mitatu, lazima awe na milioni 3.6 za dawa ghalani kwa wakati mmoja. Nyongeza ni milioni 2.4, na ni ya mara moja tu. Baada ya hapo matumizi ya mwaka yanabaki yaleyale. Upande wa pili, wazee wake 200 wanaacha kulipa 160,000 kila mmoja kwa mwaka: jumla milioni 32, kila mwaka. Hakuna mfanyabiashara atakayekataa kuweka milioni 2.4 apate 32. Mganga mfawidhi anakwama kwa sababu ile 2.4 inatoka kwenye akaunti ya kituo na inahojiwa na mkaguzi, wakati 32 inabaki mifukoni mwa watu na haiandikwi kwenye kitabu chochote cha halmashauri. Halmashauri ikitaka kuiona, inaweza kuanza na daftari la kliniki ya presha: safu ya kijiji anakotoka mgonjwa tayari imo, inakosekana ya nauli.