Marufuku Iliyosimama Juu ya Hisia za Wengine

Jeanette Smith alikuwa muuguzi katika Jeshi la Anga la Uingereza. Graeme Grady alikuwa sajenti wa jeshi hilohilo, akifanya kazi za utawala kwenye ofisi ya kijeshi ya nchi yake jijini Washington. Mwishoni mwa 1994 wote wawili waliachishwa kazi. Hakuna mkubwa aliyelalamikia utendaji wao. Waliondolewa kwa sababu mmoja alipenda wanawake wenzake na mwingine wanaume wenzake, na jeshi lilipogundua, kanuni haikuacha nafasi ya kujadiliana.

Sheria yenyewe ilikuwa na sura mbili. Tangu 1967, Uingereza na Wales zilikuwa zimeacha kuwashtaki wanaume watu wazima waliokubaliana kufanya mapenzi faraghani, lakini sheria hiyo haikuvuka lango la kambi. Mwaka 1994 kosa hilo likafutwa kwa wanajeshi pia, ila jeshi likabaki na ruhusa ya kumfukuza mhusika. Kwa hiyo askari aliweza kupoteza kazi, nyumba na pengine sehemu ya pensheni kwa jambo lisilokuwa jinai tena. Polisi wa jeshi ndio waliochunguza, na maswali yao yaliingia hadi kitandani.

Wizara ya Ulinzi ilijitetea vipi? Mwaka 1996 kamati yake ilikusanya maoni ya wanajeshi, kisha ikatoa hoja iliyotawala mjadala wote uliofuata: kuwaruhusu wapenzi wa jinsia moja jeshini kungevunja mshikamano wa kikosi na kupunguza uwezo wa kupigana. Hoja hii inastahili kusomwa polepole. Haisemi kwamba askari wa namna hiyo hana shabaha, ni mwoga au hatii amri. Kamati ilikubali kwamba uwezo wao haukuwa na kasoro. Hoja inasema wenzake katika hanga hawatapenda kulala naye chumba kimoja wala kumwamini vitani. Yaani anaondolewa kwa sababu ya hisia za watu wengine.

Mahakama za Uingereza zilikuwa zimeuona udhaifu wa hoja ya namna hiyo, lakini kipimo cha sheria kiliwafunga majaji mikono. Ili watengue uamuzi wa wizara, walipaswa kuuona kuwa umekosa mantiki kabisa, kiasi ambacho hakuna kiongozi mwenye akili timamu angeufikia. Marufuku iliyokuwa imeungwa mkono na Bunge na makamanda haikufika hapo, hata kama baadhi ya majaji hawakuficha shaka zao. Walalamikaji wakapanda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Huko kipimo kilikuwa kingine: serikali ndiyo iliyotakiwa kueleza, kwa sababu nzito, kwa nini imeingilia maisha ya faragha ya mtu.

Tarehe 27 Septemba 1999 mahakama hiyo ikawapa ushindi Smith na Grady, pamoja na Duncan Lustig-Prean na John Beckett wa jeshi la majini. Majaji hawakukana kwamba mabadiliko yangeleta usumbufu fulani. Walichokataa ni kuugeuza ubaguzi wa walio wengi kuwa sababu ya kumfukuza mmoja, kama ambavyo chuki dhidi ya askari wa rangi au asili nyingine isingekubalika kuwa sababu ya kumfukuza. Tena, wizara haikuleta ushahidi wa madhara yaliyokwisha kutokea; ilileta maoni ya watu kuhusu yale waliyodhani yangetokea.

Waziri wa Ulinzi, Geoff Hoon, aliiondoa marufuku tarehe 12 Januari 2000. Kwangu mimi, sehemu yenye akili zaidi ni kilichowekwa mahali pake: kanuni ya mwenendo isiyouliza mtu anampenda nani. Kamanda anajiuliza swali moja tu: je, tabia ya huyu imeathiri, au inaelekea kuathiri, ufanisi wa kikosi? Ofisa anayemtongoza askari aliye chini yake ana kesi, awe anamtongoza mwanamume au mwanamke. Anayetembea na mke wa mwenzake ana kesi. Asiyefanya hayo hana. Utabiri wa watu kujiuzulu kwa wingi haukutimia, na wizara ilipofanya tathmini haikuona athari kwa utendaji wa jeshi.

Marekani ilikuwa imejaribu njia ya katikati tangu 1993: jeshi lisiulize, askari asiseme. Ilishindwa kwa sababu iliihifadhi siri, na siri ndiyo inayompa adui au mwenzako mwenye kinyongo kitu cha kukutishia nacho. Zaidi ya watu 13,000 waliondolewa, wakiwemo wajuzi wa Kiarabu nchi ikiwa vitani Iraki. Sera hiyo ilikoma tarehe 20 Septemba 2011.

Karibu na kwetu, katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inakataza ubaguzi wa aina hii, na jeshi lake linafuata katiba hiyo. Mwaka 2013 jeshi hilohilo lilipigana mashariki mwa Kongo katika brigedi moja na Watanzania na Wamalawi, chini ya kamanda Mtanzania, wakalisaidia jeshi la Kongo kuwashinda waasi wa M23. Anayedai kwamba jeshi lenye kanuni hiyo haliwezi kupigana aanzie hapo.

Uingereza bado inalipa deni lake. Ripoti ya Lord Etherton, iliyotoka Julai 2023, ilikusanya ushuhuda wa waliofukuzwa kati ya 1967 na 2000, na siku ilipotolewa Waziri Mkuu Rishi Sunak aliomba radhi bungeni. Desemba 2024 serikali ilitenga pauni milioni 75 za fidia. Aliyefukuzwa anapata pauni 50,000, na kiasi hicho ni kilekile kwa aliyetumikia miaka miwili na aliyetumikia ishirini.