Kikulacho ki Mwilini Mwako

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Yapo maradhi ambayo kwayo kikulacho ki mwilini kabisa. Mnamo 1919, daktari Mmarekani Ernest Goodpasture alieleza kisa cha kijana wa miaka 18 aliyefariki baada ya kuugua mafua makali: mapafu yake yalikuwa yamevuja damu na figo zake zimeharibika. Baadaye wataalamu walibaini kwamba kingamwili, zinazopaswa kupambana na vijidudu, huweza kuasi na kushambulia utando mwembamba wa figo na wa mapafu.

Ugonjwa huo ni wa nadra, lakini una jamaa zake, mathalani lupasi. Anayekohoa damu Kayole au Dandora hudhaniwa mara moja kuwa na kifua kikuu. Dhana hiyo ina mashiko. Hata hivyo, kohozi lisipoonyesha vijidudu, mkojo nao hauna budi kupimwa, kwani damu na protini ndani yake hufichua figo zinazoangamia. Kuchelewa kwa majuma machache kwaweza kumfunga mgonjwa kwenye mashine ya kusafisha damu maisha yake yote. Isitoshe, dawa zinazoituliza kinga iliyoasi huweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala.

Maradhi ya figo kwa jumla si nadra hata kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu wa umri wa miaka 40 hadi 60 katika nchi nne za Afrika, wakiwemo wakazi wa Korogocho na Viwandani, ulionyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 10 alikuwa na dalili za maradhi sugu ya figo. Basi watafiti wataendelea kubisha hodi Eastlands. Watazungumza lugha gani?

Tangu 1947, Kanuni za Nuremberg zinadai ridhaa ya hiari ya kila anayefanyiwa utafiti. Lakini ridhaa bila ufahamu ni sahihi tu juu ya karatasi. Mwambie mama wa Umoja kwamba ana "ugonjwa wa kinga", naye atasikia UKIMWI, maadamu kifupisho hicho chenyewe kimebeba neno kinga. Ilhali kwake yeye kinga haikupungua, imemgeukia. Mwambie kwamba atapewa dawa "kwa bahati nasibu", naye atafikiria kamari. Akikimbia, nani wa kulaumiwa?

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haina maana ikiwa haifiki kitandani pa mgonjwa. Fomu za ridhaa zisomwe kwanza na wakazi wenyewe, kisha waulizwe wameelewa nini, kabla ya yeyote kutia sahihi. Nawe mwalimu wa baiolojia, ukishafundisha figo kwa Kiingereza, waambie wanafunzi wako wakaeleze somo hilo nyumbani kwa Kiswahili. Watakaposhindwa, mtakuwa mmegundua pengo ambalo daktari naye hukumbana nalo kila siku.