Ukuta Ulioyeyushwa wa Broborg

Kilimani karibu na mji wa Uppsala, Sweden, kuna mabaki ya ngome iitwayo Broborg, yenye umri wa miaka ipatayo 1,500. Sehemu za ukuta wake hazikushikizwa kwa chokaa wala udongo. Mawe yaliyeyuka, yakaungana, na yalipopoa yakawa kioo cheusi chenye vitundu. Scotland nako kuna ngome nyingi za aina hii, Tap o' Noth ikiwa mojawapo, na tangu karne ya 18 wataalamu wanabishana: ni adui aliyezichoma, au ni wajenzi wenyewe?

Maabara huanza na swali la joto. Kipande cha jiwe husuguliwa kiwe chembamba mpaka kipitishe mwanga, kisha hutazamwa kwa hadubini. Madini hayayeyuki yote kwa pamoja. Yaliyoyeyuka huonyesha joto lilifika wapi, na yaliyobaki mazima huonyesha halikuvuka wapi. Baadaye jiwe la aina ileile lisiloungua hutiwa kwenye tanuri ili matokeo yalinganishwe.

Lakini joto halitaji nia ya mwashaji. Mwaka 1937 mwanaakiolojia Gordon Childe na mwenzake Wallace Thorneycroft walijenga huko Scotland ukuta wa mawe uliopachikwa magogo, wakauwasha, na mawe yakayeyuka. Moto wa vita, basi, ungeweza kufanya vivyo hivyo.

Broborg inanivuta upande mwingine kwa sababu ya mawe yake. Ukuta kwa sehemu kubwa ni wa matale, ila katikati kuna amfiboliti, mwamba mweusi wenye chuma kingi, ambao ukiyeyuka huwa mwepesi kutiririka kuliko uji mzito wa matale. Kuukuta mwamba huo mahali hasa palipohitaji gundi si jambo la bahati, kwa maoni yangu.

Wanaofuatilia kioo hicho leo ni pamoja na wataalamu wa taka za nyuklia. Huko Hanford, Marekani, lita zipatazo milioni 200 za taka zimo kwenye matangi 177 ardhini, na mpango ni kuzigandisha nyingi ndani ya kioo. Hakuna jaribio la maabara linaloweza kusubiri karne 15. Kioo cha Broborg kimenyeshewa na kuota kuvu muda wote huo, kwa hiyo wanapima uso wake umeliwa kwa kina gani. Kemia yake hailingani na ya kioo cha Hanford. Wanakitumia kukagua kama hesabu za kompyuta zinatabiri uchakavu ule unaoonekana.